Mawimbi Ndani ya Kuta za Mawe: Kuimarisha Mtandao wa Wi-Fi Katika Ofisi za Mji Mkongwe

Ofisi nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo ndani ya majengo yaliyosimamishwa kabla redio haijavumbuliwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mara nyingi zenye unene wa nusu mita au zaidi. Dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba, ambao aghalabu hauzidi sana mita tatu. Ujenzi huo huhifadhi ubaridi wakati wa kaskazi, lakini pia huyazuia mawimbi ya Wi-Fi. Ruta iliyofungwa katika chumba cha mkuu wa ofisi hufanya kazi vizuri katika chumba hicho, ikadhoofika katika chumba cha pili, na katika cha tatu ikawa haipo kabisa.

Kasoro hiyo ilivumilika zamani, pale intaneti ilipokuwa ya barua pepe peke yake. Sasa malipo, vibali, usajili na kumbukumbu za watumishi hupita katika mifumo ya kompyuta, na dirisha lisilofikiwa na mtandao haliwezi kumhudumia mwananchi aliyesimama mbele yake. Pale mtandao wa ofisi unaposhindwa, mtumishi huwasha intaneti ya simu yake kwa bando alilolinunua mwenyewe, na nyaraka za taasisi zikapita katika njia isiyosimamiwa na mtu yeyote. Hasara ya Wi-Fi dhaifu kwa hiyo ni ya muda, ya fedha na ya usalama kwa pamoja.

Makala haya yanaeleza sababu za udhaifu huo katika majengo ya Unguja na hatua zinazoweza kuchukuliwa, kwa kuanzia na zile zisizogharimu chochote.

Kwa nini mawimbi hayapiti

Wi-Fi ni redio. Masafa yake ya kawaida ni mawili: gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni kiasi cha sentimita 12 na nusu, na gigahezi 5, ambayo wimbi lake lina urefu wa takribani sentimita 6. Masafa ya chini hupenya vizuizi vizuri zaidi na kufika mbali zaidi. Masafa ya juu hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka mapema. Hata pasipo kizuizi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, mpokeaji hubakiwa na robo ya nguvu aliyokuwa akiipata.

Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, na vipimo vyake vya Wi-Fi huandikwa kwa namba hasi. Hasi 50 ni mawimbi yenye nguvu. Hasi 67 ndicho kiwango ambacho mafundi wengi hukitaka kwa mazungumzo ya sauti na mikutano ya video. Ikishuka hadi hasi 70 na kitu, kurasa hufunguka kwa kusuasua, na ikifika hasi 80 kifaa huunganika na kukatika. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila desibeli 10 zinazopotea huacha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyokuwapo. Ikichukuliwa kwamba ukuta mmoja unakula desibeli 15, chumba kilicho nyuma ya kuta mbili hupoteza 30, yaani hubakiwa na sehemu moja kati ya elfu. Ndiyo maana tofauti ya ukuta mmoja katika Mji Mkongwe huonekana kubwa kuliko tofauti ya mita ishirini katika ukumbi wa wazi.

Maji huzidisha tatizo. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mapaa yanayovuja, na kitu chenye maji humeza mawimbi ya redio zaidi kuliko kitu kikavu. Ofisi inayolalamika kwamba mtandao wake huzorota wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, huenda haina kosa lolote katika ruta yake. Ukuta wa chini ulioloa ni wa kutazamwa kwanza.

Vizuizi vingine ni vya kila siku na huondoshwa kwa mkono: kabati la chuma la majalada, kioo kikubwa cha ukutani, tangi la maji, jokofu. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la chuma ili isiibwe imefungiwa pamoja na mawimbi yake. Ofisi zinazotumia tanuri la maikrowevu zinafaa kujua kwamba chombo hicho hufanya kazi katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na kikiwashwa karibu na ruta huvuruga mtandao kwa dakika zile za kupasha chakula.

Kupima kabla ya kununua

Kosa linaloligharimu zaidi fungu la ofisi ni kununua kifaa kipya kabla ya kujua tatizo liko wapi. Jaribio la kwanza ni jepesi: kompyuta moja iunganishwe na ruta kwa kebo, kasi ipimwe, kisha kompyuta hiyo hiyo ipimwe kwa Wi-Fi ikiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ikiwa kasi ni ndogo hata kwa kebo, tatizo ni la huduma ya intaneti inayoingia ofisini, na hakuna antena itakayoliponya. Mshiriki mmoja wa mkutano wa video hutumia kiasi cha megabiti 1 hadi 3 kwa sekunde, hivyo watu kumi wakiwa mikutanoni kwa wakati mmoja wanaweza kuhitaji megabiti 30. Ofisi iliyojiunga na kifurushi cha megabiti 10 haipaswi kulaumu kuta.

Ikiwa kebo ni nzuri na Wi-Fi ndiyo mbaya, hatua inayofuata ni ramani. Mchoro wa jengo hata ukiwa wa kalamu unatosha. Mtu mwenye simu janja iliyowekwa programu ya kupimia mawimbi, na zipo za bure, apite kila chumba na kuandika kipimo mahali hasa watumishi wanapokaa, milango ikiwa wazi na ikiwa imefungwa. Kazi hiyo ifanyike saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati ofisi imejaa. Vipimo vya saa kumi na moja jioni, baada ya watu kuondoka, huonesha mtandao ambao hakuna anayeutumia.

Mchoro huo ukikamilika, mara nyingi hujieleza wenyewe. Nyumba nyingi kubwa za Mji Mkongwe zimejengwa kuzunguka ua wa ndani, na vyumba vyote hufungukia uani kwa milango na madirisha ya mbao. Mbao hupunguza mawimbi kidogo tu ikilinganishwa na jiwe. Ua, pamoja na ngazi zinazopanda pembeni mwake, ndiyo njia ya mawimbi ndani ya jengo. Ruta au kituo cha kurushia mawimbi kikihamishwa kutoka chumba cha pembeni kikawekwa kwenye varanda inayotazama ua, juu ya kimo cha mtu, vyumba vilivyokuwa gizani huanza kupata mtandao bila senti moja kutumika.

Antena nazo zina tabia ya kueleweka. Antena ya fimbo iliyosimama wima hutupa mawimbi yake pembeni kama taa ya mnara wa bahari, na juu na chini yake huacha upungufu. Kwa hiyo kituo kimoja cha ghorofa ya kati hakitoshi kudhaniwa kuwa kitahudumia ghorofa iliyo juu yake na iliyo chini yake kwa usawa, hasa pale sakafu ilipojengwa upya kwa zege na nondo.

Kuongeza nguvu hakusaidii sana

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni ruta yenye nguvu kubwa zaidi. Imani hiyo husahau kwamba Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili. Muadhini mwenye kipaza sauti husikika mtaa mzima, lakini anayemjibu kutoka dirisha la mbali kwa sauti ya kawaida hasikiki naye. Simu na kompyuta mpakato zina betri ndogo na virushio vidogo. Ruta yenye nguvu nyingi huzifanya zionyeshe alama kamili ya mtandao huku majibu yake yakipotea njiani. Mtumiaji huona mistari yote imejaa na ukurasa haufunguki.

Vifaa vya kuongeza mawimbi vinavyochomekwa katika soketi ya umeme vina kasoro nyingine. Kifaa kinachopokea na kurusha kwa redio moja hulazimika kugawana muda kati ya kazi hizo mbili, na kasi hupungua kwa takribani nusu. Tena watu hukiweka mahali pasipo na mtandao, ambapo hakina cha kukiongeza. Pahala pake ni katikati, pale ambapo mawimbi bado ni mazuri: kwa nyumba ya Mji Mkongwe, kwenye kituo cha ngazi au kona ya varanda. Mifumo ya vituo vingi vinavyowasiliana vyenyewe kwa redio ni bora zaidi, lakini nayo ikitegemea kupenya ukuta wa matumbawe kati ya kituo na kituo hurudi kwenye tatizo lile lile.

Waya kwanza

Kebo ya simu za maandishi iliyopitishwa chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka 1879, katika utawala wa Sultan Barghash bin Said, miaka minne kabla ya kujengwa kwa Beit al Ajaib. Zaidi ya karne moja baadaye, mikongo ya baharini ya SEACOM (2009) na EASSy (2010) iliiunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa nyuzi za kioo. Ndani ya jengo la mawe pia, suluhisho la kudumu la mtandao usiotumia waya ni waya.

Mpango unaofaa ni huu: kebo moja kutoka kwenye swichi kuu hadi kila eneo lenye uhitaji, na mwishoni mwa kila kebo kituo kidogo cha kurushia mawimbi chenye nguvu ya wastani. Kebo ya daraja la Cat 6 hufika hadi mita 100, umbali unaotosha karibu kila jengo la Mji Mkongwe. Swichi zenye uwezo wa kupeleka umeme katika kebo ile ile ya data huondoa haja ya kufunga soketi mpya za umeme darini, jambo lenye thamani kubwa katika majengo yenye boriti na mbao kavu, ambamo kila waya wa ziada wa umeme ni hatari ya moto.

Kebo yenyewe ikaguliwe kabla ya kulipiwa. Sokoni zipo kebo za bei nafuu ambazo nyuzi zake ni za alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi kwa kisu, ndani hung'aa weupe badala ya wekundu. Nyuzi hizo hupoteza nguvu zaidi, hupata joto zinapobeba umeme na hukatika kwa urahisi. Hati ya manunuzi itaje wazi kwamba nyuzi ziwe za shaba tupu.

Kazi za mashine za kuchapia, kompyuta za mezani za wahasibu na madirisha ya malipo ziunganishwe moja kwa moja kwa kebo hiyo. Kila kifaa kisichohama kinachotolewa kwenye Wi-Fi huwaachia nafasi wanaohama.

Kutoboa ukuta wa urithi

Hapa ndipo ofisi ya Mji Mkongwe inapotofautiana na ofisi ya mahali pengine. Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo inayosimamia ujenzi na matengenezo ndani yake. Kutoboa ukuta, kupitisha mabomba ya kebo nje ya jengo au kusimamisha antena juu ya paa ni mabadiliko ya jengo, na ushauri na kibali cha Mamlaka vinatakiwa kutafutwa kabla ya fundi kupanda ngazi.

Utaratibu huo una sababu. Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883 linalosemwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Majengo haya ni mazito na ni mazee, na chokaa iliyoyashika huchoka.

Kwa bahati njema kutoboa si lazima mara nyingi. Kebo hupita juu ya vizingiti vya milango, katika matundu ya zamani ya nyaya za umeme na simu, pembeni mwa ngazi na chini ya ubao wa dirisha. Milango ya nakshi na fremu zake zisiguswe kwa msumari wala kekee. Pale tundu jipya linapokubaliwa, liwe dogo, lipite kwenye kiungo cha chokaa kuliko kwenye jiwe, na lizibwe kwa chokaa badala ya saruji, kwani saruji huziba pumzi ya ukuta, unyevu ukajikusanya nyuma yake na lipu ikabanduka. Maji ya mvua yasipate njia: kebo inayotoka nje ipindwe kwenda chini kabla ya kuingia ukutani, ili matone yaangukie hapo.

Majirani wa angani

Katika vichochoro vya Shangani, Malindi au Kiponda, simu ikifunguliwa kutafuta mtandao huorodhesha majina mengi: hoteli, mikahawa, maduka, nyumba za kulala wageni na familia za juu yake. Wote hao wanagawana anga moja. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Anayechagua chaneli ya 3 akidhani amekimbia msongamano huwavuruga waliopo 1 na 6 na kuvurugwa nao. Vilevile upana wa chaneli katika masafa hayo uachwe megahezi 20.

Unene wa kuta, ambao umelaumiwa tangu mwanzo wa makala haya, hapa hugeuka msaada. Gigahezi 5 haitoki chumbani kwa urahisi, hivyo chaneli ile ile inaweza kutumika tena vyumba viwili mbele bila mgongano, na ya jirani haiingii. Ofisi yenye kituo cha gigahezi 5 katika kila eneo la kazi, vyote vikiwa vimepunguzwa nguvu, hupata mtandao wa utulivu ambao ukumbi wa wazi wa kisasa huutafuta kwa shida. Kupunguza nguvu kuna faida nyingine: simu huacha kung'ang'ania kituo cha mbali na huhamia kilicho karibu mtumishi anapotembea.

Nje ya Mji Mkongwe mambo hubadilika. Katika majengo mapya ya Mazizini na Tunguu vyumba vimegawanywa kwa mbao za jasi zisizozuia sana, lakini vioo vilivyopakwa utando wa kukinga jua huakisi mawimbi, na sakafu za zege huzitenga ghorofa. Skuli na vituo vya afya vya shamba, vyenye paa la mabati na majengo yaliyotawanyika kiwanjani, vinahitaji kiunganishi kati ya jengo na jengo. Hapo uzi wa kioo ni bora kuliko kebo ya shaba, kwa kuwa haupitishi umeme, na radi ya masika ikipiga jengo moja haisafiri katika waya kuunguza vifaa vya jengo la pili. Kila kilicho nje kiwe na ganda linalostahimili jua, na viungo vya chuma vikaguliwe kila mwaka kwa kutu ya chumvi.

Umeme na funguo

Wakaazi wa Unguja wanakumbuka mwezi mzima wa giza mwaka 2008, na tena takribani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, kebo ya umeme ya baharini ilipoharibika. Kebo mpya ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013, lakini kukatika kwa saa moja au mbili hakujaisha, na kupanda na kushuka kwa umeme huua ruta kuliko umri. Vifaa vya mtandao havili umeme mwingi. Ofisi yenye vituo 6 vya wati 10 kila kimoja, pamoja na swichi na ruta, hutumia takribani wati 100. Betri moja ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100, ikitumiwa nusu yake ili isichakae mapema, huubeba mzigo huo kwa kiasi cha saa tano. Jenereta haihitajiki kwa kazi hiyo.

Mawimbi yaliyoimarishwa hutoka pia madirishani, na aliyekaa barazani nje anaweza kuyapata. Mtandao wa ofisi ufungwe kwa ulinzi wa WPA2 au WPA3, wageni wawe na mtandao wao uliotengwa na mifumo ya taasisi, na neno la siri la msimamizi lililokuja na ruta kutoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Neno la siri lililobandikwa ukutani kwa karatasi, kama lilivyo katika ofisi nyingi, ni la kila aliyewahi kuingia chumbani humo.

Kwa taasisi za Serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar ndiko pa kuanzia kwa ushauri wa kitaalamu na wa uunganishaji kabla ya kutangaza zabuni. Posta na simu ni jambo la Muungano, hivyo vifaa vya redio vinapaswa kuwa vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), wakiwemo wauzaji wanaoviingiza kupitia Bandari ya Malindi. Mchoro wa vipimo, orodha ya vifaa, chaneli zilizochaguliwa na njia ya kila kebo vihifadhiwe katika jalada moja la ofisi, ili fundi wa mwaka ujao asianze kutoboa upya.